Ni Asili Tu, Kaka

Saa nne usiku, ukumbi mmoja pale Kisasa, hapa Dodoma, sendofu ya binti wa jirani yetu. MC alikuwa ameshamaliza vichekesho vyake vyote na sasa anavirudia. Kina mama wa kamati walikuwa wamejipanga mlangoni na zawadi, vitenge sare, mmoja wao kafunga njuga miguuni na anakanyaga taratibu kuzijaribu. MC akavuta pumzi: "Sasa tunarudi nyumbaniii! DJ, tupe asili!"

DJ akabonyeza.

Ikaanza ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Ile sauti ya vyuma yenye mkwaruzo ndani yake, kama nyuki kanaswa kwenye kibuyu. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume, nyembamba, juu kuliko mwanamke yeyote mle ukumbini, halafu bila hodi ikashuka mpaka kifuani na kubaki huko inanguruma. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Nikasimama nayo hivyohivyo.

Naijua sauti ile. Ukishaisikia mara moja huwezi kuifananisha na nyingine.

Kina mama wakaingia kwa madaha, vigelegele, watu wakatoka kwenda kuwatunza, noti za elfu mbili zikabandikwa kwenye mapaji ya nyuso. Wimbo haukufika hata dakika mbili. MC aliukata katikati ili asome majina ya wanakamati. Aliyasoma yote, pamoja na ya waliochangia soda.

Nikaenda kwenye meza ya DJ.

"Mdogo wangu, huyu aliyekuwa anaimba ni nani?"

Akasogeza hedifoni sikio moja. "Yupi?"

"Huyo aliyekatwa sasa hivi."

Akatazama kioo cha kompyuta yake, nami nikachungulia. Faili limeandikwa GOGO ASILI 3.

"Aa, hiyo? Ni asili tu, kaka."

## Kosa si lake

Nilirudi kwenye kiti nikala pilau limeshapoa. Ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa nane ukaingia bado lile neno linanizunguka kichwani, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kikaoni, nikiwa napiga mswaki.

DJ hakunikosea. Ni kijana mstaarabu, kaja mjini na wimbi la makao makuu kama wengine wengi, na faili kalipata hivyo kwa mwenzake, ambaye naye kalipata hivyo kwa mwenzake. Kinachonikera ni kwamba mimi mwenyewe, mtoto wa hapahapa, mtu angeniuliza usiku ule "hii nyimbo gani?" nikiwa sijakaa sawa, jibu la kwanza kunitoka lingekuwa hilohilo.

Mwombe DJ huyohuyo zilipendwa. Atakuambia huyu Mbaraka Mwinshehe, hapa yuko na Morogoro Jazz, pale ameshahamia Super Volcano. Atakuambia huyu Marijani Rajab. Wimbo wa dansi una mwenyewe. "Malaika" mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, na ubishi huo nao ni heshima, maana pande zote mbili zinakubali kwamba kuna mtu alikaa chini akautunga.

Lakini ukishasema "asili", mtu anatoweka. Wimbo unakuwa kama mbuyu wa njiani. Upo tu, hakuna aliyeupanda.

Hata zile ngoma za taarifa ya habari. Tulikua nazo, tukajua zikilia ni kunyamaza, baba anasikiliza. Ni ukubwani ndipo nilipojua kwamba zina mpigaji, Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akizunguka ngoma nyingi peke yake. Miaka yote ile nilidhani ni redio yenyewe inalia.

Sauti ya usiku ule Kisasa ni ya Hukwe Zawose.

## Kutoka Doduma

Wengi mnamfahamu, kwa hiyo nitapita haraka. Mtoto wa Doduma, wa jamii ya wafugaji, kazaliwa 1938. Miaka ya sitini Mwalimu anamsikia, anaitwa Dar es Salaam, na kuanzia hapo maisha yake yanakuwa sanaa ya taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kinaanzishwa 1981, naye anakuwa mmoja wa nguzo zake. Bagamoyo ndiko alikofia, Desemba 30, 2003.

Kwenye rekodi ndipo nilipokwama.

"Tanzania Yetu", 1985, lebo ya Triple Earth ya Uingereza. Miaka miwili baadaye, "Mateso". Wenzake humo ni Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Mwaka 1996 Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa "Chibite", yaani twende. Ikaja "Mkuki wa Rocho" akiwa na Charles Zawose, wa ukoo wake. Mwaka 2002, "Assembly", pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada.

Itazame njia hiyo. Mtu anaimba Kigogo na Kiswahili, na ili sauti yake inifikie mimi niliyezaliwa mwendo wa baiskeli kutoka kwao, ilibidi ipite Uingereza kwanza. Wimbo wake wa kwanza kuusikia mwanzo mpaka mwisho niliusikia kazini, kwa hedifoni, mlango umefungwa, huku nasoma maelezo ya Kiingereza yaliyonieleza Wagogo ni watu gani.

Nilijifunza mawili matatu.

Halafu nina dhambi ya zamani ambayo lazima niitapike. Kwa miaka mingi nilimweka Zawose kwenye fungu la nyimbo za serikali. Kwenye "Chibite" kuna wimbo unaitwa "Sisitizo la Amani Duniani". Lisome tena jina hilo. Hiyo ni ajenda namba tatu ya kikao cha kata, baada ya kusoma muhtasari na kabla ya mengineyo. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka, nikasema mzee huyu alikuwa mtumishi wa umma mwenye zeze, na sikubonyeza.

Baada ya sendofu nikabonyeza.

Jina limevaa suti. Sauti haijavaa. Ni sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo na ana hakika watageuka. Niliurudia wimbo ule mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nafunga ofisi.

Hapo ndipo shaka ikaanza kunitafuna vizuri. Tulimfanya balozi kwa muda mrefu kiasi kwamba hatukumuuliza kama fundi. Tunajua nchi alizotembea na watu wakubwa aliowapigia. Kaa kijiweni uulize alikuwa anatungaje. Watu watakuangalia.

## Kinanda kikagoma

Rafiki yangu anapiga kinanda kanisani, na ni mtu wa majivuno kidogo kuhusu masikio yake. Nikampelekea wimbo mmoja wa ilimba. Nikamwambia nitafutie ufunguo. Akasema dakika kumi.

Saa nzima ikapita. Alikuwa anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza, anauma mdomo.

"Kaka, kuna sauti hapa haimo kwenye kinanda. Nikibonyeza hii, sijafika. Nikibonyeza inayofuata, nimempita."

Alikuwa sahihi, na hakuna aliyekosea. Muziki wa Kigogo unapanda ngazi ambayo haikuchongwa na mtengeneza kinanda. Ni ile ngazi ya sauti zinazojitoa zenyewe kwenye uzi mmoja ukiugusa kwa wepesi sehemu mbalimbali. Kwenye ngazi hiyo, sauti ya saba inakaa chini kidogo ya pale kinanda kinapoiweka, kama theluthi ya hatua ndogo kuliko zote za kinanda. Sikio la kanisani linasikia imepotoka. Sikio la Ugogo linasikia imefika.

Na ule mkwaruzo, ule wa nyuki kwenye kibuyu? Ni utando wa buibui. Kweli kabisa. Kwenye sanduku la ilimba kuna matundu, yanazibwa kwa utando wa buibui, na chuma kikilia utando unatetema nacho. Mtu anakwenda kuutafuta ule utando, anaubandika kwa uangalifu, ukipasuka anautafuta mwingine. Studio za Ulaya watu wanalipia mashine ili sauti iwe safi, na mzee kafunga safari na buibui wake makusudi ili isiwe safi.

Kuna jambo jingine kwenye ilimba ambalo nililiacha lipite, likarudi baadaye. Si vyuma vyote vinavyopigwa. Vipo ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Vyenyewe vinatetema tu pale jirani yao anapopigwa. Kazi yao ni kuitikia.

Rafiki yangu akafunga kinanda, akasema, "Huyu mzee alikuwa fundi." Kwa mtu wa majivuno, hiyo ni tuzo.

Zeze la kawaida huku lina uzi mmoja au mbili. Zawose alipiga mazeze yenye nyuzi nyingi, na ilimba kubwa zenye vyuma vingi. Hapo nikajiona nimepata hoja. Asili haiongezi nyuzi. Mtu ndiye anayeongeza. Nikaandika sentensi hiyo kwenye simu, nikaipenda, nikaona makala imekwisha: tumemnyang'anya mtunzi jina lake, turudishe, nukta.

Ilikuwa imebaki kwenda Mvumi, kijijini kwa mama mkubwa, kuchukua ushahidi.

## Wengine wamekwenda wapi?

Mama mkubwa nilimkuta chini ya mwarobaini, ungo mapajani, anamenya karanga. Wajukuu wawili walikuwa pembeni wakila zaidi ya wanazomenya. Jirani yake alikuwa amekuja kuomba chumvi na alikuwa hajaondoka, kama kawaida ya chumvi.

"Mbukwenyi," nikasema.

"Mbukwa," akajibu, akacheka. Kigogo changu ni cha kuombea maji na yeye hachoki kukifurahia. "Mjini mnakula kweli? Mbona umekwisha?"

Baada ya ugali wa uwele na mlenda, ambao nilikula mpaka nikaona haya, nikatoa simu. Nikamwekea wimbo wa Zawose wawili, Hukwe na Charles. Alisikiliza huku anamenya. Kidogo mkono ukasimama ndani ya ungo.

"Wako wangapi hapo?"

"Wawili, mama."

"Wawili tu?"

"Ndiyo."

"Wengine wamekwenda wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya studio, sijui nauli, sijui viza. Akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa anasikiliza mahali fulani mbele kidogo ya wimbo, kama mtu anayesubiri basi analoliona kwa mbali. Kilipofika kipande kile, akaingia. Sauti ya chini, haina haraka. Wajukuu wakadandia juu yake bila kuambiwa, midomo imejaa karanga. Jirani akaweka chini kikopo cha chumvi na kuanza makofi, si yale ya kanisani, yale yanayoangukia katikati ya mahali unapoyategemea.

Simu yangu ikapotea kabisa. Najua ilikuwa bado inaimba kwa sababu niliishika na ilikuwa inatetema kiganjani.

Wimbo wa kwenye simu ulikwisha, wao wakaendelea. Simu ikaruka yenyewe kwenye tangazo la kubeti, mtu anapiga kelele jisajili sasa upate bonasi, nikawa napapasa kuizima na vidole vina mlenda. Wao hawakuyumba.

Walipoamua kumaliza, walimaliza wote mara moja. Sikuona nani alitoa ishara.

Nikauliza swali nililokwenda nalo. "Mama, huu wimbo ni wake, au ni wetu?"

Alinitazama kama nimeuliza ugali ni wa unga au wa maji.

"Wimbo ni wetu. Tuliuimba tungali wasichana."

Makala yangu ikaanguka hapo, chini ya mwarobaini, mbele ya kuku. DJ alikuwa amesema kweli. Ni asili tu.

"Rudisha nyuma," mama mkubwa akasema.

Nikarudisha.

"Si hapo. Mbele. Umepita. Rudi." Tulihangaika hivyo mara tatu nne, yeye ananyoosha kidole chenye vumbi la karanga kwenye kioo kana kwamba wimbo unaonekana. "Eeh! Hapo. Umesikia? Sisi hapo tunapanda. Yeye kashuka."

Nikasikia. Ni ile ile ya Kisasa, sauti inayoporomoka bila hodi.

"Hapo ni pake."

Hakusema wake. Alisema pake.

## Shanga na uzi

Nilirudi mjini na basi la jioni, nimebanwa dirishani, vumbi la Mvumi kwenye meno, nalitafuna lile neno dogo.

Kiswahili kina tabia ya kukuwekea jibu mbele ya macho halafu kikae kimya. Tunasema kutunga wimbo. Tunasema pia kutunga shanga. Ni kitenzi kimoja. Waangalie kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakiwa wamesimama na ngoma katikati ya mapaja, shingo na vichwa vimejaa shanga. Aliyezitunga hakutengeneza hata shanga moja. Nyingine kanunua dukani, nyingine kaachiwa na bibi yake, nyingine kaziokota mkufu wa zamani ulipokatika. Kilicho chake ni mpango: nyeupe tano, nyekundu, nyeusi mbili, halafu hapa, mahali ambapo jicho linategemea nyeupe, anaweka bluu. Hakuna anayesema mkufu hauna mtu kwa sababu shanga zilikuwepo.

(Bunge letu hapa mjini nalo hutunga. Wanachukua maneno ambayo sote tunayo, wanayapanga, na kwa kazi hiyo tunawapa kiti na maikrofoni. Kwa mpiga zeze neno hilohilo tunalionea choyo.)

Kwa hiyo sikubaliani tena na mimi mwenyewe wa kabla ya Mvumi. Kumwandika Zawose kuwa mwenye wimbo, yeye pekee, mwanzo mpaka mwisho, ni kumdhulumu mama mkubwa na wasichana wenzake. Kumwandika "asili" ni kuchomoa uzi na kubaki na shanga zimemwagika sakafuni. Jalada la santuri ya Uingereza liliona uzi. Faili la DJ liliona shanga.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi ya mtunzi, na ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Nimeipitia kwa macho ya mtu asiye mwanasheria nikitafuta kifungu cha "pake". Sijakiona.

Na suala la majina si la jana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, Ugogo akafika, na rekodi alizotoa ziliendana na kadi: kabila gani, ala gani, nani anaongoza. Mengi ya kumlaumu mtu wa enzi ile yapo. Lakini alijua kuuliza wewe nani.

Kuna usiku mmoja nilijiuliza swali baya zaidi. Je, ninachotaka ni haki ya Zawose, au nataka sifa tu? Sisi tuliokulia tukitaniwa omba-omba kila tulipotaja kwetu tuna njaa ya namna yake. Ukisikia kuna Mgogo aliyewasimamisha Wazungu kwa vyuma na utando wa buibui, unataka kumshika mkono umpitishe darasani kwenu, mbele ya wale waliokucheka. Inawezekana nusu ya hasira yangu pale Kisasa ilikuwa hiyo. Ningekuwa mwongo nikisema nusu nyingine ilikuwa safi kabisa.

## Walioitikia

Nimesahau jambo, na lilitokea kabla sijaondoka Mvumi.

Mama mkubwa aliuliza, "Bado yupo?"

Nikamwambia alifariki 2003. Akasema "haya", akamenya karanga tatu. Kisha, "Ana watoto wanaoimba?"

Wapo. Msafiri, mwanawe, ana jina lake. Lakini nilimwekea The Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu. Albamu yao "Maisha" ilitoka 2024, Real World ileile, imerekodiwa Bagamoyo. Katika ukoo ule wanawake walikuwa wa kuitikia na kucheza, nyuma ya wanaume wenye zeze na ilimba. Sasa wao ndio wako mbele na ala zao mkononi.

Alisikiliza wimbo mzima bila kuingia. Hilo lilinishangaza. Nikadhani hajaupenda.

"Huyu," akasema mwishoni, "kajifunza kwa kuitikia. Anajua kuacha nafasi."

Jirani akakubali kwa kichwa, kikopo cha chumvi bado kitupu.

Nikakumbuka vile vyuma vya ilimba ambavyo havipigwi.

## Jina la faili

Kabla basi halijaja niliwaomba waimbe tena, bila simu kuwaongoza, nirekodi. Mama mkubwa akafuta mikono kwenye kanga, akakaa sawa. Wajukuu, jirani, yeye. Wakiwa katikati akapita mwanamume na baiskeli, kapakia gunia la mkaa. Akasimama nje ya uzio, mguu mmoja chini, akaongeza sauti moja nzito chini ya zote, kama mtu anayesaidia kusukuma gari lililokwama. Walipomaliza akasema "haya, jioni njema", akaenda zake.

Dakika nne na sekunde kadhaa. Kuku wamo.

Nimekaa na rekodi hiyo tangu mwezi wa nane. Jana usiku nikaona niihifadhi vizuri. Simu imeiita Sauti 014 na inaniuliza niibadilishe iwe nani. Kidole kikaenda chenyewe, nawaapia, kikaandika "Mvumi asili 1".

Nikafuta.

Nikaisikiliza tena kwanza, kwa hedifoni, taa imezimwa. Na ni jana tu ndipo nilipokisikia. Kile kipande, pale wao siku zote wanapopanda, nilipokuwa namrudishia mbele na nyuma akinielekeza kwa kidole. Mama mkubwa hakupanda. Alishuka. Nyuma yake unamsikia jirani akicheka kidogo, bila kukosa kofi.

Basi nikaandika jina la mama mkubwa, la nyumbani na la ubatizo. Nikaandika ya wajukuu wawili. Nikaandika la jirani. La mwenye baiskeli nilikuwa sina, nikampigia mama mkubwa saa nne usiku, akauliza nani kafa, nikamwambia hakuna, akanitajia. Nikaliandika. Mwisho nikaweka alama ya mkato na kuandika Hukwe Zawose.

Nikabonyeza hifadhi.

Simu ikajibu: jina ni refu mno.